Mfuatano wa jumbe na kuunganisha historia katika soga za kikundi zisizo na seva kuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaounda au kuendesha programu za soga ambazo hazina seva moja ya kupanga foleni. Huenda vifaa vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, au seva nyingi zinabadilishana nakala za mazungumzo. Mfano unaorudi humu una watu watatu: Asha, Bakari na Chausiku.

Tatizo ni nini hasa? Si ujumbe uliotangulia kufika ndio wa kwanza?

Umetangulia kufika kwa nani? Pakiwa na seva moja, ujumbe hupewa namba mlangoni na wote huifuata namba hiyo. Seva ikiondoka, kila kifaa kinabaki na foleni yake, na hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine.

Asha anaandika "Tukutane kesho saa tisa?" Huo ni A1. Bakari anajibu "Nitakuwepo", B1. Wakati huohuo Chausiku, ambaye jibu la Bakari halijamfikia, anauliza "Naweza kuja na mgeni?", C1. Asha ameona B1 peke yake, anaandika "Vizuri sana", A2. Sasa A2 ikimfikia Chausiku kabla ya B1, skrini yake inaonyesha swali lake na chini yake "Vizuri sana". Kesho atakuja na mgeni ambaye hakuna aliyemkubali.

Hapo kuna makosa mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kuonyesha A2 wakati B1, ambayo A2 inaitegemea, haipo. Hilo linatibika kabisa. La pili ni kwamba hata B1 ikifika na kupangwa vizuri, bado C1 na A2 ziliandikwa sambamba, hakuna aliyemwona mwenzake, na mstari mmoja wa juu hadi chini hauwezi kulisema hilo. Kosa hili la pili halitibiwi kwa kupanga. Linahitaji programu ikumbuke nani alikuwa ameona nini alipoandika.

Kwa nini tusipange kwa saa za vifaa tu?

Saa za vifaa hazilingani, na mwandishi anaweza kuandika saa yoyote aitakayo. Fuwele ya quartz inayokosea kwa sehemu 20 katika milioni huachana na saa sahihi kwa takriban sekunde 1.7 kwa siku, yaani karibu sekunde 52 kwa mwezi ikiwa mtandao hauirekebishi. Katika soga mtu hujibu ndani ya sekunde mbili tatu, hivyo kosa la nusu dakika linatosha kabisa kupandisha jibu juu ya swali lake. Ongeza simu iliyoisha chaji na kuamka ikidhani ni 1970, na programu inayohifadhi saa za eneo badala ya UTC.

Muda uandikwe ndani ya ujumbe, kwa milisekunde za UTC, kwa kuwa wasomaji wanataka kuuona. Usiuache uamue jambo lenye uzito.

Saa ya Lamport haitoshi?

Inatosha kwa nusu ya kazi. Leslie Lamport aliieleza mwaka 1978: kila kifaa kina kaunta, ukituma unaongeza moja, ukipokea unachukua kubwa kati ya yako na iliyokuja, kisha unaongeza moja. Ujumbe unaotegemea mwingine daima utakuwa na namba kubwa zaidi. Namba zikilingana, unaamua kwa kitambulisho cha kifaa, na wote wanapata mfuatano mmoja.

Kinachokosekana ni kinyume chake. Namba 7 na namba 9 hazikuambii kama aliyeandika ya 9 alikuwa ameiona ya 7. Pia huwezi kugundua pengo: ukipokea 9 baada ya 6, hujui kama 7 na 8 zipo mahali au hazikuwahi kuwapo. Kwa soga, kutojua kwamba kitu kimepotea ni kasoro kubwa kuliko kukipanga vibaya.

Na saa ya vekta?

Hiyo, iliyochapishwa na Fidge na Mattern kila mmoja kivyake mwaka 1988, hujibu maswali yote mawili. Kila ujumbe hubeba kaunta moja kwa kila mshiriki. Gharama yake ni ukubwa. Ukitambua vifaa kwa funguo za umma (namba ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia kuhakiki saini ya kifaa) za baiti 32 na kaunta ya baiti 8, kikundi cha vifaa 500 kinabeba baiti 20,000 juu ya kila "sawa". Unaweza kutuma tofauti pekee, lakini wanachama wakiwa wanaingia na kutoka, hesabu hiyo huchosha upesi. Itumie katika kusawazisha, tutaifikia huko chini. Ndani ya ujumbe wenyewe kuna njia nyepesi.

Njia hiyo nyepesi ni ipi?

Kila ujumbe utaje wazazi wake, yaani jumbe za mwisho ambazo mwandishi alikuwa ameziona na ambazo hazijatajwa na ujumbe mwingine aliouona. Tunaziita ncha. Watajwe kwa heshi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye baiti za ujumbe wenyewe, si kwa namba. Matokeo yake ni grafu inayoelekea upande mmoja na isiyoweza kujizungusha, kwa kuwa huwezi kutaja heshi ya ujumbe ambao bado haujaandikwa. Git, zana ya kutunza msimbo wa programu, hufanya hivyo kwa matoleo ya msimbo. Matrix, itifaki ya soga ambamo seva nyingi hubadilishana nakala za kila chumba, hufanya hivyo kwa matukio ya chumba, katika sehemu iitwayo prev_events, isiyozidi wazazi 20.

Katika mfano wetu, mzazi wa B1 na wa C1 ni A1. Mzazi wa A2 ni B1 peke yake, na hapo imeandikwa wazi kwamba Asha hakuwa ameliona swali la mgeni. Bakari akiona zote na kuandika B2, wazazi wake ni A2 na C1. Kikundi chenye shughuli za kawaida huwa na ncha moja hadi tatu, hivyo gharama ni baiti 32 hadi 96, kikiwa na watu watatu au elfu tatu.

Ndani ya ujumbe kuwe na nini?

Kwa uchache: kitambulisho cha kikundi, ufunguo wa umma wa kifaa kilichoandika, namba ya mfuatano ya kifaa hicho, ikianzia 1, heshi ya ujumbe uliotangulia wa kifaa hichohicho, heshi za wazazi, zikiwa zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa, muda, heshi ya maudhui, na saini, ambayo kwa Ed25519, aina mojawapo ya saini za kidijitali, ni baiti 64. Kitambulisho cha ujumbe ni heshi ya hayo yote, kwa mfano SHA-256.

Mambo mawili huwaumiza wanaoanza. La kwanza ni usimbaji wa data usio thabiti: vifaa viwili vikiandika JSON (umbo la maandishi la kuhifadhi data) ileile kwa mpangilio tofauti wa funguo, heshi zinatofautiana na grafu inakatika. Chagua umbo moja la baiti na ulikataze jingine lolote. Matrix, tangu toleo la 6 la vyumba, hukataa namba kamili zinazovuka 2⁵³ − 1 kwa sababu hiyohiyo: lugha mbalimbali za programu huzisoma tofauti. La pili ni kunyoosha herufi. Herufi moja inaweza kuandikwa kwa njia mbili katika Unicode, usizibadilishe unapopokea. Heshi ni ya baiti zilizotiwa saini, kama zilivyo.

Ujumbe umefika lakini mzazi wake hayupo. Nifanye nini?

Hilo ni jambo la kila siku, si hitilafu. Hatua zinazofanya kazi vizuri ni hizi:

1. Hakiki saini, na hakikisha mwandishi ni mtu unayemjua kikundini. Usiweke kitu kwenye foleni ya kusubiri kabla ya hapo, la sivyo mgeni yeyote atakujazia kumbukumbu kwa jumbe zenye wazazi wa kubuni.
2. Uweke kwenye foleni ya kusubiri, na uandike mzazi anayekosekana katika jedwali la "kinachosubiriwa".
3. Ngoja sekunde moja au mbili. Mara nyingi mzazi yuko njiani.
4. Aliyekuletea ujumbe huo muombe mzazi anayekosekana. Kwa kuwa ujumbe aliouleta unamtaja mzazi huyo, yaelekea anaye. Akishindwa, waombe wengine, mmoja mmoja, ukiongeza muda wa kungoja mara mbili kila awamu.
5. Mzazi akifika, mpitishe kwenye hatua hizihizi, kisha wafungulie watoto wake wote.

Foleni hiyo iwe na kikomo kwa kila mwandishi, tuseme jumbe 200, si kikomo kimoja cha kikundi kizima. Vinginevyo mtu mmoja mkorofi atawafungia wengine mlango.

Je, umfiche msomaji ujumbe yatima milele? Kwa maoni yetu, hapana. Sekunde 30 zikipita, uonyeshe ukiwa na alama kwamba kuna jumbe kabla yake ambazo hazijafika. Mtu anaweza kuvumilia pengo analoliona. Ukimya usio na maelezo humfanya aamini hakuna aliyesema kitu.

Mtandao ulikatika vipande viwili kwa siku tatu. Historia zinaunganishwaje?

Kwa jumbe zenyewe, kazi ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa: unachukua muungano wa seti mbili. Ujumbe haubadiliki baada ya kutiwa saini, kitambulisho chake ni heshi, na kuupokea mara kumi ni sawa na kuupokea mara moja. Hakuna "mgongano" wa kuamuliwa kama ule wa mistari ya msimbo katika Git. Kila upande ukishapata za mwenzake, grafu ina ncha mbili, na mtu wa kwanza kuandika anazitaja zote mbili kama wazazi. Ujumbe wake ndio mshono. Hakuna haja ya ujumbe maalumu wa kuunganisha.

Ugumu uko kwingine: katika vitu vinavyobadilika, yaani nani ni mwanachama, nani ni msimamizi, jina la kikundi, ujumbe uliohaririwa. Hivyo vina sura yao kwenye ukurasa huu.

Vifaa viwili vinajuaje kila kimoja kinakosa nini?

Anza na ncha. Vibadilishane ncha zao. Zikiwa sawa, historia zao ni sawa kwa hakika, maana heshi ya ncha imebeba heshi za wote waliomtangulia. Katika matumizi ya kawaida mkutano mwingi huishia hapa, kwa baiti zisizofika 200.

Zikitofautiana, una njia nne, na hakuna iliyo bora siku zote. Unaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua kwenye grafu ukiuliza "huyu unaye?", ukiruka 1, 2, 4, 8, ni rahisi kuandika, lakini kila swali ni safari ya kwenda na kurudi. Kama kila kifaa kina mnyororo wake wenye namba, tumeni vekta: "Asha hadi 41, Bakari hadi 17". Mara moja tu, na kila upande unatuma kinachozidi. Hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza kwa vikundi visivyozidi vifaa mia kadhaa, na Secure Scuttlebutt, itifaki ya mtandao wa kijamii usio na seva kuu, iliijenga kazi yake juu ya wazo hilo.

Njia ya tatu ni kichujio cha Bloom, yaani muhtasari mdogo wa seti unaoweza kukosea kidogo, cha jumbe zilizoingia tangu mlipokutana mara ya mwisho. Kwa biti 10 kwa kila ujumbe na vitendaji heshi 7, kosa la kudhani "anao" ilhali hana ni karibu asilimia 1. Makosa hayo hujitokeza baadaye kama wazazi wanaokosekana, na foleni ya kusubiri huyamaliza. Lakini ujumbe ulio ncha hauna mtoto wa kuulilia, kwa hiyo ncha zitumwe wazi daima, nje ya kichujio.

Ya nne ni kugawa historia katika mafungu na kulinganisha muhtasari wa kila fungu. Ukigawa mara 16 kila awamu, awamu tano zinatosha kumfikia ujumbe mmoja kati ya milioni moja. Muhtasari huo usiwe XOR tupu (kuchanganya biti kwa biti) ya heshi: mshambuliaji anayeweza kuzalisha jumbe nyingi atatengeneza seti mbili tofauti zenye XOR moja, na vifaa vyenu vitaapa kwamba vinalingana.

Kwenye skrini nazipangaje?

Unataka mstari mmoja unaoheshimu grafu na unaofanana kwa wote waliopokea jumbe zilezile. Kanuni fupi inayofaa: mpe kila ujumbe muda wa hesabu, ambao ni mkubwa kati ya muda ulioandikwa ndani yake na muda wa hesabu wa mzazi wake mkubwa kuongeza milisekunde 1. Kisha panga kwa muda huo. Ukilingana, panga kwa heshi. Mtoto hawezi kupanda juu ya mzazi, saa mbovu haiharibu majibu, na thamani hiyo huhesabiwa mara moja tu ujumbe unapoingia, hivyo inakaa kwenye safuwima yenye faharasa na skrini inasoma kurasa kwa haraka.

Udhaifu wake uujue. Ujumbe mmoja wenye saa ya mwaka 2090 utavuta uzao wake wote kwenye 2090. Mfuatano kati yao unabaki sahihi, ila jumbe za sambamba zitaonekana juu yao daima. Kataa kutaja kama mzazi ujumbe unaozidi saa yako kwa zaidi ya, tuseme, dakika 10, hadi muda huo upite au mwingine mwaminifu autaje. Usijaribu kuurekebisha kwa saa uliyoupokea; kila kifaa kiliupokea saa yake, na mfuatano wenu hautafanana tena.

Jumbe za zamani zinapochomekwa katikati, msomaji atazionaje?

Hazioni, na hii ndiyo kasoro tunayoikuta mara nyingi zaidi. Programu huweka alama ya "umesoma hadi hapa" kama nafasi kwenye mstari. Tawi la siku tatu likiunganishwa, jumbe zake zinachomekwa juu ya alama na kuhesabiwa zimesomwa. Mtu anakosa jumbe 80 bila kujua.

Alama ya kusoma iwe seti ya ncha: "nimesoma hizi na mababu zake wote". Ujumbe ambao si babu wa ncha hizo haujasomwa, popote ulipo kwenye mstari. Juu ya skrini weka kitufe kinachompeleka msomaji kwenye jumbe zilizochelewa. Ikiwezekana pia, ujumbe unaojibu ukiwa haujaona kilicho juu yake uwe na alama ndogo. Katika mfano wetu, "Vizuri sana" ya Asha ingemwambia Chausiku kwamba Asha hakuwa ameliona swali lake. Usiweke alama hiyo kila mahali, itachosha. Iweke pale tu ambapo jumbe sambamba zinakaa jirani.

Tunaweza kupata mfuatano mmoja usiobadilika kamwe, kwa wote?

Mnaweza, mkikubali kungoja. Huko kunaitwa kufikia makubaliano. Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha mwaka 1985 kwamba katika mtandao usio na ukomo wa ucheleweshaji, hakuna kanuni isiyotumia bahati nasibu inayohakikisha makubaliano hata kama nodi (kifaa au seva shiriki) moja tu inaweza kuzimika. Ukitaka pia kuvumilia waongo f, unahitaji nodi zisizopungua 3f + 1. Kikundi cha familia chenye simu saba, tano zikiwa zimezimwa usiku, hakitamaliza kura yoyote hadi asubuhi. Kwa soga, hilo halifai. Weka makubaliano kwa mambo machache yanayoyadai kweli, na uache mazungumzo yatiririke.

Basi tutumie mnyororo wa bloku (blockchain)?

Hapana. Ni makubaliano yaleyale, yenye ucheleweshaji na ada juu yake.

Mwanachama ameondolewa huku akiwa anaandika. Jumbe zake zihesabiwe?

Kanuni ya msingi: ujumbe unahukumiwa kwa hali ya kikundi kama ilivyoonekana kwa wazazi wake. Kama kwa wazazi hao alikuwa mwanachama, ujumbe ni halali. Tatizo linajitokeza hapohapo. Aliyeondolewa anaweza kuendelea kutaja wazazi wa zamani kwa mwaka mzima, na kila ujumbe wake utaonekana uliandikwa "sambamba" na kuondolewa kwake.

Tiba ya Matrix ni kukagua mara ya pili dhidi ya hali ya sasa: ujumbe ukipita kwa wazazi wake lakini ukashindwa kwa hali ya sasa, unawekwa kwenye grafu bila kuonyeshwa kwa watumiaji, wala seva yako haiutaji kama mzazi. Kama kila kifaa kina mnyororo wenye namba, kuna njia iliyo kali zaidi: amri ya kumwondoa itaje namba na heshi ya ujumbe wake wa mwisho uliokuwa umeonekana, kwa mfano "hadi wa 57". Wa 58 na kuendelea haupokelewi na yeyote, hata ukidai kuwa wa zamani. Utapoteza jumbe chache za kweli zilizokuwa njiani. Tunaona hiyo ni bei nafuu.

Wasimamizi wawili wameondoana kwa wakati mmoja. Nani anabaki?

Inategemea kanuni mliyoiandika kabla, na kama hamkuiandika, kikundi kimeshagawanyika: nusu ya vifaa vinamtii mmoja, nusu mwingine, na hakuna ujumbe utakaowarudisha pamoja.

Katika utatuzi wa hali toleo la 2 la Matrix, lililoanza na toleo la 2 la vyumba, amri zinazogongana hupangwa kwanza kwa utegemezi. Zikiwa sambamba, ya mwenye ngazi kubwa ya mamlaka hutangulia. Ngazi zikilingana, yenye muda mdogo. Muda ukilingana, yenye kitambulisho kidogo. Kisha hutekelezwa moja baada ya nyingine, na ile ambayo mwandishi wake ameshapoteza haki inaanguka. Angalia nafasi ya muda katika orodha hiyo: baina ya wasimamizi wenye ngazi sawa, anayerudisha saa yake nyuma anashinda. IRC, mfumo wa zamani wa soga za chaneli, ililijua jambo hili zamani, pale seva zilipotengana na kurudiana. Upande ambao chaneli yake ilikuwa na muda mpya zaidi wa kuundwa ulipoteza haki za uendeshaji.

Katika mifumo midogo tunapendelea moja kati ya mbili: aliyeteuliwa mapema zaidi kwenye grafu abaki, kwa kuwa uteuzi hauwezi kughushiwa baada ya tukio, au wote wawili watoke. Ya pili inaonekana kali, ila haimpi mtu yeyote faida ya kudanganya. Kikundi kiwe na msimamizi wa tatu kabla hamjaichagua.

Usimbaji fiche unaingiaje hapa?

Unaibana sana kazi hii. MLS, kiwango cha usimbaji fiche wa jumbe za vikundi kilichochapishwa kama RFC 9420 Julai 2023, huendesha kikundi kwa vipindi. Kila badiliko la uanachama huhamisha wote kwenda kipindi kinachofuata chenye funguo mpya. Amri mbili zikitolewa katika kipindi kimoja, moja tu ichaguliwe, na MLS huiachia huduma ya usafirishaji kazi hiyo. Bila seva kuu huduma hiyo hamna. Mkiziacha zote mbili, mna vikundi viwili visivyosomana.

Kuchagua yenye heshi ndogo kunawezekana, lakini aliyefuata amri iliyoshindwa na kuzifuta funguo za kipindi cha nyuma hawezi kurudi njia panda. Hifadhi funguo za vipindi vichache kwa muda mfupi, saa 24 kwa mfano, mkijua kwamba kwa muda huo anayeiba simu anasoma na ya jana. Baada ya hapo dawa ni kumwalika upya. Jumbe alizoandika kwenye tawi lililoachwa azitume tena mwenyewe, zikiwa na heshi mpya.

Kuhariri na kufuta kunafanyaje kazi kama ujumbe haubadiliki?

Uhariri ni ujumbe mpya unaotaja kitambulisho cha wa zamani. Ukihaririwa mara mbili sambamba, kutoka simu na kompyuta ya mtu mmoja, chukua wenye muda wa hesabu mkubwa, kisha heshi. Uhifadhi na mwingine.

Kufuta kunahitaji maandalizi tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana orodha ya hapo juu ina heshi ya maudhui badala ya maudhui: unaweza kuyatupa maneno, ukabakiza bahasha, na minyororo yote ikabaki mizima. Ongeza baiti 16 za nasibu kwenye maudhui kabla ya kupata heshi, na uzifute pamoja nayo. Bila hizo, mtu mwenye bahasha atajaribu "ndiyo", "hapana" na maneno mengine elfu moja mpaka heshi ifanane, na kilichofutwa kitafufuka.

Kifaa kilirejeshwa kutoka nakala rudufu, na sasa wengine wanakataa jumbe zake. Kwa nini?

Nakala ilikuwa na jumbe hadi wa 40, kifaa kilikuwa kimefika 45, na baada ya kurejeshwa kimeandika 41 ya pili. Kwa wengine huo ni ushahidi wa udanganyifu: namba moja, jumbe mbili, saini moja. Secure Scuttlebutt ilijulikana kwa maumivu haya. Mnyororo ukishachanika hivyo, haushoneki. Kifaa kilichorejeshwa kizalishe ufunguo mpya na kujiandikisha upya chini ya mtu yuleyule. Njia nyingine ni kukizuia kuandika mpaka kiwe kimesawazisha na angalau wenzake wawili na kujua namba yake ya mwisho, lakini hiyo haikuhakikishii kitu kama wenzake hao nao walikuwa wamekatika.

Mwanachama mpya apewe historia kiasi gani?

Mtakavyo, ila mpaka uwe wazi. Mwalikaji ampe ncha za wakati huo, orodha ya wanachama pamoja na amri zinazoithibitisha, na muda wa hesabu wa jumbe za mpakani. Hili la mwisho husahaulika: bila hilo mgeni anaanza hesabu upya na mfuatano wake unapishana na wa wenyeji. Heshi za wazazi walio nje ya mpaka azijue kuwa ni "nje ya mpaka", la sivyo programu yake itaziomba usiku na mchana.

Ncha za kikundi zimefika 60 na kila kitu kimekuwa kizito. Nini kimetokea?

Nodi nyingi zinaandika bila kusikilizana, au jumbe nyingi zimewekwa kando bila kutajwa na mtu. Taja ncha zisizozidi 20 kwa ujumbe, ukichanganya za karibuni na chache za zamani kwa bahati nasibu, na idadi itashuka yenyewe kadiri watu wanavyoandika. Kikundi kikiwa kimya, kifaa kimoja kitume ujumbe mtupu usioonekana wa kuzifunga. Synapse, seva ya Matrix, hufanya hivyo. Kichelewesheni kwa muda wa nasibu, maana vifaa 30 vikituma ujumbe mtupu kwa pamoja mna ncha 30 mpya.

Naweza kujua nani amepata ujumbe wangu?

Ndiyo, bila kuongeza kitu: mtu akiandika ujumbe ambao wako ni babu yake, ameupata, na saini yake inathibitisha. Kwa wasiozungumza, kifaa kitume thibitisho lenye ncha pekee baada ya dakika moja ya ukimya, moja kwa jumbe zote zilizoingia humo.

Tutajaribuje kama tumepatia?

Chukua seti ya jumbe 500 zenye matawi, maondoleo, hariri na saa zilizokosewa kwa mwaka mmoja mbele na nyuma. Ziingize kwenye nakala mpya ya programu kwa mpangilio wa nasibu mara 1,000, nyingine zikirudiwa. Kila mara piga heshi ya hali ya mwisho: ncha, wanachama, mstari wa skrini. Zote 1,000 ziwe sawa. Moja ikitofautiana, hifadhi mbegu ya nasibu (namba inayozalisha mpangilio uleule tena) na uirudie mpaka upate chanzo. Mara nyingi utakuta msimbo uliotembea kwenye jedwali la heshi lisilo na mpangilio, au hukumu iliyotazama hali ya sasa mahali ilipopaswa kutazama ya wazazi.

Kisha ua programu katikati ya kuandika kwenye diski. Ujumbe, ncha na jedwali la kinachosubiriwa viandikwe katika muamala mmoja wa hifadhidata. Ncha zikitangulia ujumbe wao, kifaa kitaamka kikitaja mzazi ambacho chenyewe hakina.